Jiko la Mwenye Mtoto

Mwezini mchi haushuki kwa uzito wake. Ukiuinua ukauachia, unateremka taratibu kama mgeni aliyeshiba, na majani ya kisamvu yanabaki yanakutazama. Somoe Nampoto alilijua hilo mwaka wake wa kwanza kule, akaacha kuupiga mchi, akawa anauvuta. Tena alijifunga kamba kiunoni, ncha ya pili kwenye pete ya sakafuni, asije akajirusha mwenyewe mpaka darini. Wageni wa kituo walimcheka. Wakishaonja kisamvu chake, waliacha kucheka.

Kituo kilikuwa upande wa mgongo wa Mwezi, ule usioiona Dunia hata siku moja. Mafundi wa mashimo kutoka uwanda wa Makonde walikichimba ndani ya mwamba miaka thelathini na moja iliyopita, na juu yake, kwenye bonde pana la vumbi, zikatandazwa nyaya elfu tisa za kusikiliza mbingu, kama makopa ya muhogo yaliyoanikwa. Wenyewe waliziita Sikio. Sikio lilikuwa na masharti yake. Likisikiliza, hakuna kuburuta kiti, hakuna kubamiza mlango, maana kila mtikisiko wa mwamba hufika kwenye nyaya. Kinu cha Somoe tu ndicho kilichosamehewa, na hakikusamehewa kwa huruma. Baina ya Sikio na watu ilikaa mashine iliyoitwa Chujio, ambayo kazi yake ilikuwa kuondoa kila kelele iliyo yetu wenyewe: pampu za maji na za hewa, nyayo, mitambo. Chujio lilifundishwa mdundo wa mchi wa Somoe likaujua kuliko anavyoujua mwenyewe. Likiusikia, linaufuta.

Asubuhi ile alikuwa katikati ya kutwanga pale Gaudensia Nanjota alipoingia jikoni amevaa kiatu kimoja.

Gaudensia alikuwa mtaalamu wa mwangwi, mwanamke wa miaka arobaini, mwenye kusema kidogo na kula sana. Siku hiyo hakutazama hata sufuria.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Kiatu cha pili umemwachia nani?"

Gaudensia alitazama mguu wake kama wa mtu mwingine. Akaketi kwenye gunia la muhogo. "Bibi, acha kutwanga kidogo. Nina neno la kukuambia kabla hujalisikia kwa mtu wa korido."

Somoe akauegemeza mchi.

Kwa karibu miaka mia mbili binadamu walikuwa wamesikiliza nyota na hawakusikia mtu. Walijenga masikio makubwa kuliko miji, wakasikia upepo wa nyota na mngurumo wa mawingu, lakini sauti ya mwenye kusema hawakuisikia. Hilo liliwatesa wenye elimu, kwa maana nyota ni nyingi kupita mchanga, na haiwezekani nyumba zote ziwe tupu isipokuwa yetu. Gaudensia ndiye aliyeleta njia ya mwangwi. Ukipiga yowe bondeni, yowe linakwenda zake, lakini ukuta wa ng'ambo unakurudishia baadaye. Na mbinguni kuna kuta: mawingu ya vumbi, mapana ajabu. Sauti zilizotupita zamani, kabla mtu hajatengeneza redio, zilikuwa zimegonga mawingu yale na sasa zilikuwa zinarudi, hafifu, zimechoka. Wiki tatu zilizopita Sikio lilizipata. Nyumba arobaini na moja, kila moja na sauti yake. Walichinja kuku wote sita wa kituo siku ile.

"Jana nimepanga zile sauti kwa miaka yake," Gaudensia alisema. Aliweka kioo chake juu ya meza, na juu ya kioo kukawaka vitone arobaini na moja. "Tazama. Hapa wote wanasema. Sasa huyu."

Kitone kimoja kikazimika. Halafu cha jirani yake. Halafu vitatu vya pembeni, kisha vilivyo mbali zaidi, duara likipanuka kama maji yaliyotupiwa jiwe, mpaka kioo kikawa cheusi.

"Wa kwanza alikatika katikati ya sauti," Gaudensia alisema. "Waliobaki ni kila mmoja kwa zamu yake, kadiri ya umbali. Inakwenda kwa mwendo wa mwanga, Bibi, na haikusaza hata mmoja. Sisi ilitupita miaka mia nne iliyopita. Hatukuwa na redio, kwa hiyo hatukuwa na cha kunyamazisha. Tulipokuja kutega sikio, wote walikuwa wamekwisha nyamaza."

"Wamenyamazishwa na nini?"

"Sijui. Baraza kule Dunia linasema wameuawa. Kwamba kuna kitu kinawasikiliza wenye kusema, na kikisikia, kinakuja." Alikunja vidole vyake. "Amri imefika alfajiri. Kila mtambo wenye kurusha sauti kubwa mbinguni uzimwe ifikapo saa sita mchana, usiwashwe tena. Wote, Bibi. Na Mshale."

Somoe alitazama mchi, akausogeza kidogo ili usianguke, ingawa haukuwa unaanguka.

Mshale ulikuwa mnara uliosimama mlimani nyuma ya kituo. Ulirusha miali ya redio yenye nguvu ya kusukuma chombo. Chombo chenyewe kiliandikwa jina refu la heshima kwenye vitabu, lakini kwa kuwa kilikuwa kimepinda, kila mtu alikiita Korosho. Ndani ya Korosho walikuwamo watu mia tatu na kumi na wawili wakienda kuanzisha makazi kwenye miezi ya Zohali. Siku hiyo saa tisa mchana ndipo Mshale ungewapa msukumo wa mwisho, ule wa kuwageuza njiani kwao. Wakiukosa, wangeendelea mbele, moja kwa moja, kwenye giza lisilo na upande wa pili.

Mmoja wa wale mia tatu na kumi na wawili alikuwa Asumini, fundi wa mabomba, mjukuu wa Somoe, aliyelelewa naye tangu ana miaka mitatu.

"Mkuu yuko wapi?" Somoe aliuliza.

"Ofisini kwake. Tangu alfajiri hajafungua mlango."

"Atafungua." Alifungua fundo la kamba kiunoni. "Vaa kiatu, mwanangu. Hatwendi kwa mkubwa na mguu mmoja."

*

Mkuu wa kituo, Egbati Liwewa, alitoka katika ukoo uliotaniana na ukoo wa Somoe tangu enzi za mababu. Kwa miaka tisa hawakupitana koridoni bila kutupiana neno. Alimwita mchawi wa kisamvu, naye akamwita mwizi wa mazishi, kwa kuwa watani ndio wanaoruhusiwa kuchukua vitu vya watu msibani na kuchekesha wafiwa. Siku hiyo alipofungua mlango, hakuwa na neno la utani mdomoni, na hilo ndilo lililomwogopesha Somoe kuliko amri.

"Najua ulilolijia," alisema. "Keti."

"Nitasimama."

"Bibi Somoe, sikiliza. Nimepiga hesabu mpaka karatasi imechoka. Upande huu watu mia tatu na kumi na wawili. Upande huu kila mtoto aliyeko Dunia. Ungekuwa mimi ungefanya nini?"

"Ningeuliza kwanza kama ni kweli wameuawa."

"Nyumba arobaini na moja zimezimika. Wewe unaita nini hicho?"

"Msiba."

Egbati alimtazama.

"Kule kwetu," Somoe alisema, "akifa mtu mtaa wa pili hatusikii kufa kwake. Tunasikia vinu. Wewe uko uani unatwanga, unasikia kinu cha jirani wa kule kimekatika. Halafu cha huyu wa karibu. Unauliza, kuna nini? Unaambiwa, fulani amekwenda. Na wewe unalaza mchi. Aliye mtaa wa nyuma anasikia chako kimekatika, naye analaza. Kabla jua halijasogea, kijiji kizima kimya. Mtu akija wakati ule kutoka mbali, hajui lolote, atadhani wamekufa wote. Amekufa mmoja."

Gaudensia, aliyekuwa mlangoni, alisema kwa sauti ndogo, "Wa kwanza peke yake ndiye aliyekatika katikati. Wengine walimaliza. Kila mmoja, kabla ya kunyamaza, alirudia kipande kile kile kifupi. Tulidhani ni kilio cha kuomba msaada."

"Alikuwa anampa jirani habari," Somoe alisema.

Egbati alisugua macho. "Maneno mazuri. Lakini wewe una mtu mle ndani, Bibi. Shahidi mwenye mtu wake hapokelewi. Niambie kwa haki ya Mungu, unasema hivi kwa kuwa ni kweli, au kwa kuwa ni Asumini?"

Somoe aliona vidole vya Asumini alivyokuwa mdogo, vikiokota majani yaliyoruka nje ya kinu.

"Sijui," alisema. "Ningekudanganya nikisema najua."

Pengine angejibu vingine, Egbati angefunga mlango. Jibu lile lilimfanya avute kiti na kuketi.

"Basi nipe alama. Mtu aliyekufa na mtu aliyenyamaza kwa heshima, utawatofautishaje ukiwa mbali?"

Hapo Somoe hakuhitaji kufikiri. "Kwa moshi. Nyumba ikifa, jiko limekufa. Nyumba ikiwa msibani, kinu kinalala, ngoma zinalala, hata harusi inaahirishwa, lakini mwenye mtoto mchanga anaachiwa jiko lake. Anapika uji taratibu, moshi mdogo tu unatoka, na hakuna anayemsema. Hata wafiwa wenyewe hawamsemi. Tafuteni moshi."

"Mbinguni hakuna moshi," Egbati alisema.

Lakini Gaudensia alikuwa amesimama wima. "Ngoja, Mkuu. Jiko la mwenye mtoto. Ni mtambo gani ambao hata uwe na msiba gani huwezi kuuzima, kwa sababu ukiuzima unamuua mtu wako aliye njiani?"

Wote watatu walilitazama dirisha dogo, na nje ya dirisha, mlimani, Mshale.

"Kama wana vyombo safarini, wana mishale yao," Gaudensia aliendelea, maneno yakimkimbia. "Na mshale ukilenga chombo, mwali mwingine unamwagika pembeni, unagonga vumbi, unafika kokote. Ungefika hapa."

"Ungefika, tungeusikia. Masikio ya zamani yalikuwa mazito, lakini Sikio liko wazi miaka thelathini."

"Halijawahi kuwa wazi, Mkuu. Kuna Chujio. Tulilifundisha kufuta kila kinachofanana na Mshale, ili Mshale wetu usitutie uziwi. Kila kinachofanana nao. Hatukuliambia lifute wetu tu."

Egbati alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne na nusu. Ufunguo wa Chujio ulining'inia shingoni mwake tangu siku aliyokabidhiwa kituo, na hakuwahi kuutumia.

"Mpaka saa sita," alisema. "Baada ya hapo mimi ni mtu wa amri."

*

Walipolifungua Chujio walijisikia wenyewe. Kituo kizima kilikuja juu kwa kishindo: maji mabombani, feni, mtu anayekohoa stoo, mtu anayetafuna. Kioo kikubwa cha chumba cha Sikio kikajaa rangi kama kitenge.

"Hapa hatusikii hata radi," Gaudensia alisema.

"Zimeni pampu," Egbati aliamuru. "Hewa iliyomo itatutosha dakika ishirini. Watu wote wasitembee."

"Wasikae vitini," Somoe alisema. "Viti vinalia. Waketi chini, miguu mbele, kama watu wa matanga. Mtu akikaa hivyo hachezi-chezi."

Tangazo likapita korido zote. Watu sitini na wanne, mafundi, wapishi, wahasibu, daktari na mgonjwa wake mmoja, wakaketi sakafuni migongo ukutani, miguu wameinyoosha, mikono mapajani. Pampu zikanyamaza moja baada ya nyingine. Somoe alikuwa hajawahi kukisikia kituo bila pampu. Ulikuwa ukimya mzito, wenye mwili. Aliweza kusikia damu yake masikioni, na akaona haya, kana kwamba anapiga kelele.

Rangi kwenye kioo zikafifia, zikawa kijivu, kisha kioo kikawa cheusi.

Dakika mbili. Dakika tano. Gaudensia alikuwa ameuma kidole. Egbati alitazama sakafu. Somoe alitazama weusi ule na ndani yake hakuona nyota wala wageni, aliona uso wa Asumini ukiwa nyuma ya dirisha la chombo, ukienda, ukipungua. Akasema kimoyomoyo, kama nimesema uongo basi nimesema kwa ajili yako, na Mungu anajua.

Ndipo upande wa kushoto, chini, ukatokea uzi.

Ulikuwa mwembamba hata akadhani ni jicho lake. Uzi wa mwanga, umenyooka, ukikaza na kulegea, kukaza na kulegea, kama pumzi. Gaudensia alitoa sauti kooni. Mwingine ukatokea juu yake, wenye mwendo tofauti, wa haraka. Kisha mitatu. Kisha Somoe hakuweza tena kuhesabu, kwa maana kioo kilikuwa kinajaa kama anga inavyojaa jua likishazama, unaona moja, unageuka, ni mia. Haikuwa arobaini na moja. Ilikuwa maelfu. Kila uzi ulitoka kwenye nyota yake ukaenda pahali peusi pasipo na kitu, pahali palipokuwa na mtoto wa mtu. Wote walikuwa pale siku zote. Walikuwa pale alipokuwa anazaliwa, na mama yake, na mama wa mama yake. Miaka mia mbili watu wamelia kwamba wako peke yao, na majiko ya majirani yalikuwa yanawaka pande zote, kimya kimya, na sisi tukiufuta moshi wao tukidhani ni wetu.

Egbati alikuwa na machozi, na hakuyapangusa kwa sababu mkono ungepiga kelele.

"Tazameni hii," Gaudensia alinong'ona. Alionyesha pahali katikati, pale alipokuwa wa kwanza kunyamaza. Pale palikuwa peusi kabisa, hapana uzi unaotoka. Lakini nyuzi zilikuwa zinaingia. Kutoka huku na kule, karibu na mbali, mamia ya nyuzi yalielekezwa pale pamoja, kama njia za miguu zinazokwenda kwenye uwanja mmoja. "Wanasukuma vyombo kwenda huko. Wote. Kwa nini? Hakuna mtu pale."

Somoe alilijua jambo lile kabla ya kulipa maneno.

"Wanakwenda kuzika," alisema. "Ndiyo maana kimya hakijaisha. Matanga hayaanuliwi kabla wageni hawajafika."

*

Saa sita kamili Egbati alizungumza na Baraza. Aliwapelekea picha, akaeleza, akangoja. Baraza lilijibu kwamba limestaajabu, kwamba jambo ni zito, kwamba kura itapigwa kesho, na kwamba hadi hapo amri inabaki ilivyo.

"Kesho Korosho imekwisha pita," Egbati aliwaambia.

Walijibu kwamba wanaelewa.

Saa tisa kasoro dakika kumi alisimama mbele ya swichi ya Mshale, na Somoe nyuma yake, na Gaudensia, na watu wa kituo wamejaa mlangoni bila kusukumana.

"Na kama umekosea, mchawi wa kisamvu?" aliuliza bila kugeuka. "Kama wale nao ni vipofu kama sisi, na huyo muuaji yuko njiani?"

"Kama nimekosea, nimekosea na maelfu yote yale. Hakuna hata mmoja aliyezima jiko akamwacha mtoto."

"Hilo si jibu."

"Sina lingine, mtani."

Egbati alicheka kidogo, kicheko kikavu cha pua. "Na kazi ya mtani msibani ni kuchukua kitu bila ruhusa," alisema, akaisukuma swichi.

Taa zote za kituo zilififia. Mlimani Mshale haukutoa sauti wala mwanga. Hakukuwa na kitu cha kuona. Lakini kwenye kioo cha Sikio, lililoachwa bila Chujio, ulichorwa uzi mmoja zaidi, mnene kuliko yote kwa kuwa ulikuwa karibu, ukikaza na kulegea. Ulikaa pale miongoni mwa maelfu mengine, na mtu asiyejua asingeweza kusema upi ni wetu.

Mwanga ulihitaji dakika arobaini na nne kumfikia Asumini, na nyingine arobaini na nne kurudi. Somoe alizimaliza jikoni akimenya muhogo. Gaudensia alikuja na kioo chake mkononi, safari hii na viatu viwili, akaketi kwenye gunia lile lile. Saa kumi na nusu na dakika mbili sauti ikaja, imekwaruza, changa.

"Bibi, tumeupata. Tumegeuka. Mwambie Mkuu mkono wake mzito, umetumwagia chai yote. Bibi? Mbona husemi kitu? Aa, nimesahau, hunisikii bado."

Somoe aliirudia mara tatu. Kisha akainama, akafungua kamba kwenye pete ya sakafuni, akakikumbatia kinu na kukipindua, mdomo chini, na juu yake akaulaza mchi.

"Kisamvu je?" Gaudensia aliuliza.

"Kisamvu mpaka wageni wafike."

Gaudensia alipiga hesabu, midomo ikichezacheza. "Bibi, msafiri wa mbali kabisa amebakiza miaka elfu sita kufika."

"Elfu sita." Somoe aliinua kifuniko cha sufuria kutazama kama maji yamechemka. "Basi lete chumvi, mwanangu. Tutakula muhogo wa kuchemsha."